Mistari Mbili ya Maharagi

Mujukuu wangu Kavira, huku Beni tunaamuka muzuri, na mbuzi ya baba yako imezala mapacha.

Umeniuliza namna gani usipigie bashonaji benye unaongoza makelele wakati banakosea. Wakati nilikuwa kijana, kule Mangina, wifi yangu Masika alifunua kakao yetu yenye tulifunika na majani ya ndizi ili ichache; ilikuwa siku ya pili tu, ingali haiyachacha. Yote ikaharibika. Matusi ilikuwa tayari kinywani. Nikabeba jembe, nikapalilia mistari mbili ya maharagi, kisha nikarudi kumuuliza mukono wake ulisikia nini ndani ya majani.

«Haikukuwa na moto ya kuchacha, lakini niliogopa kukuuliza.»

Alikuwa anajua. Kuanzia mavuno ile, yeye ndiye alikuwa anafunua, na majirani bakawa banamwita aguse kakao yao.

Na wewe, bashonaji bako banaogopa kukuuliza?

Nyanya yako