Mfarishi wa Hadia na Joto la Ncha ya Dunia

Jumatano, 14 Februari 2018

Mimi ndiye mtu wa kwanza hapa Faza kugundua kwamba hewa juu ya Ncha ya Kaskazini imepata homa. Nimetangaza barazani. Wameguna.

Haya, uongo. Mjukuu wangu Sumeiya, anayesomea hali ya hewa Finland, kapiga simu. Huko juu kabisa, kupita mawingu, joto limepanda ghafla, na ule upepo unaozunguka ncha majira ya baridi umekatika vipande viwili. Nikauliza: ndiyo mabadiliko ya tabianchi? Akasema mambo haya yalikuwapo tangu zamani. Kama joto la dunia litayazidisha, wasomi wenyewe bado wanabishana. Kumbe! Kama sisi na mwezi wa Idi.

Jumamosi, 17 Februari

Mukhtar, kijana wa jirani, karudi kazini. Anakaa mji mmoja na Sumeiya. Mke wangu Hadia kampa mfarishi wa sufi, ule mnene wa kujifunika, ampelekee; kaushona kwa mkono wake. Nilipomsindikiza gatini nikafungua begi lake, nikautoa, nikatia ng'onda wa papa, samaki mkavu mwenye harufu yake. Joto limepanda — mfarishi wa nini?

Nimeuficha darini. Hadia hapandi ngazi, magoti. Laini wee! Nimelala hadi alasiri.

Jumatatu, 26 Februari

Sumeiya kapiga. Baridi imewashukia, ya kuua. Wee mtoto, si ulisema joto?

“Babu, joto ni huko juu! Upepo ukivunjika, baridi iliyofungiwa kaskazini inatoroka, inatuangukia sisi. Nilikwambia!”

Labda. Siku ile nilikuwa nishakata simu, nakimbilia barazani.

Hita ya chumba chake imekufa, fundi haji. Analala na koti na leso tatu. Anakohoa. Ng'onda wamefika salama — jirani zake wameita fundi wa bomba la choo.

Nilicheka. Kisha akakohoa tena.

Jumanne, 27 Februari

Redio imetaja baridi ya Ulaya. Hadia: “Nti gani hiyo! Alhamdulillahi, mwanangu ana mfarishi wangu. Yeo baada ya isha tumpigie kwa video, niuone.”

Nikasema amin. Sijui kwa nini.

Niko darini. Nayaandika maneno kwanza, nisiyakosee nikimrekodia Mukhtar kwa simu:

Bwana Mukhtar. Nani alikwenda kwa babake mkeo Ruqaya kukuposea, akakusifu kwa sala ambazo hukuziswali? Siku ile sikutaka kitu. Sasa nataka. Mpelekee mtoto blanketi lako zito, sasa hivi. Akipigiwa simu, mwambie aseme — la, usimfundishe uongo. Hadia niachie mimi. Wewe mpe blanketi tu, tafadhali.