Lori Inachemka Mama Mkwe Akipanda

Mama Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kwa maana nimefika mwisho, na ukiona maandishi yangu yamepinda ujue ni hasira wala si pombe. Mimi ni Kisilu, Mkamba wa upande wa Kilimambogo, nina lori ya zamani, ya kabla ya vita, ninabeba mahindi na maharagwe na watu wa soko kutoka kwetu mpaka Thika, halafu ninaendelea Ruiru kupeleka posho kwa mashamba ya kahawa, na lori hii tangu mwanzo wa mwaka inachemka. Si kuchemka kidogo. Inatoa mvuke mweupe na mlio kama chatu, watu wanaruka chini wakipiga nduru, na juzi pale kwenye kizuizi cha barabarani askari alilala chini akidhani ni bomu, kisha akanitukana kwa aibu yake mwenyewe.

Nimeipeleka kwa fundi Kagwe wa Thika mpaka amechoka kuniona. Ameosha rejeta, amebadilisha mkanda wa feni, ametoa themostati akaitupa, ameangalia gasketi, akawasha injini pale uani ikanguruma mpaka chai ikapoa na haikuchemka, akaniuliza kama mimi ninaota. Na kweli nikitoka hapo kwenda Ruiru iko sawa, na kurudi nyumbani iko sawa. Basi nikaanza kuangalia ni siku gani inachemka, na Mama, naona haya kuandika lakini ndiyo kweli: inachemka siku ile mama mkwe wangu akipanda. Asipopanda, haichemki.

Huyu mama ni msusi wa vyondo, vile vikapu vyetu vya kamba, anauza Thika sokoni. Najua wewe si Mkamba, lakini hata nyinyi Wakikuyu mna thoni, ile haya ya mtu na mkwewe, kwa hivyo unaelewa kwamba siwezi kukaa naye mbele, siwezi kumtazama uso, siwezi hata kushika mzigo wake. Akija asubuhi mimi najificha nyuma ya ghala mpaka apande. Anapanda kule nyuma kwenye magunia na watu wengine, anajifunika leso, na vyondo vyake hataki vichafuke na vumbi la mahindi, kwa hivyo anavifunga mwenyewe kwa kamba pale mbele, kwenye pua ya gari, furushi kubwa hata taa hazionekani, na tukifika Thika anavifungua mwenyewe anaenda zake na mimi nimegeuza uso upande ule mwingine. Sijawahi kumkosea heshima hata siku moja. Sasa mtu kama huyu kwa nini anatia gari yangu jicho baya?

Wiki jana tulichemka tena na tena mpaka abiria wakaamua kutembea. Nikafika nyumbani nikamwambia mke wangu Mwongeli, "Mama yako ana jicho, hata chuma inamwogopa." Mwongeli hakulia. Alifunga mtoto mgongoni akasema, "Basi kaa na lori yako, ikupikie," akaenda kwa mama yake. Sasa wazee wanasema nilete mganga aisafishe gari, ndugu yangu anasema niuze, na mimi nakula mihogo baridi na kuku wanatembea jikoni hakuna wa kuwafukuza. Nifanye nini Mama? Niuze lori, niache mke, ama nilete mganga? Jibu upesi.

Wako Kisilu, ambaye sasa ninachemka mwenyewe.

*

Kisilu,

Haiya! Nimesoma barua yako nikaiweka chini. Nikaisoma tena, halafu nikamwita jirani yangu Warigia anisomee kwa sauti, kwa maana sikuamini kwamba mtu mzima aliyepewa leseni anaweza kuandika jibu lake mwenyewe kwa wino, aliruke kama jiwe la njiani, kisha aniulize habari za mganga.

Vyondo viko mbele, kwenye pua ya gari. Pua, Kisilu! Umeiita pua kwa mkono wako mwenyewe. Hebu shika pua yako sasa hivi, funga na mdomo, jitwike gunia la mahindi upande nalo mlima, halafu uniandikie kama hukuchemka. Rejeta inapozwa na upepo unaoingia kwa mbele. Vyondo vya Ukambani navijua, vimesukwa vikashikana hata punje ya mtama haipenyi, sembuse upepo. Mkifika Thika mama anafungua mzigo wake, gari inapumua, nawe unaenda Ruiru ukipiga mluzi. Maskini Kagwe anapekua injini isiyo na ugonjwa, kwa sababu ugonjwa umeshateremka ukaenda sokoni. Na usiniambie ni ule mlima wa kupanda Thika. Siku ambayo mama hakupanda, mlima ulikuwa umehamia wapi?

Lakini hayo ni ya gari, na gari si kazi yangu. Ya nyumba ndiyo yamenikasirisha. Mimi pia ni mama mkwe. Mkwe wangu nikimwona njiani naingia kwenye mahindi ya watu kama mwizi, na mvua ikininyeshea humo, basi imeninyeshea. Kwa hivyo najua huyo mama anavyokaa huko nyuma, vumbi limemjaa masikioni, na mbele kuna kiti kitupu asichoweza kukikalia kwa ajili yako. Vyondo alivifunga mbele mwenyewe ili usilazimike kuvigusa. Ndiyo heshima aliyokupa, nawe ukamwita mchawi mbele ya binti yake. Unasema hujamkosea hata siku moja. Umemkosea siku moja, na imetosha kabisa. Huna haya?

Tena kuna jambo ambalo hukulifikiria hata kidogo. Thoni inakataza kumtazama mama mkwe usoni. Haikatazi kumpelekea neno. Kwenu na kwetu, neno la mwanamume kwa mama mkwe wake hupitia kwa mke. "Mwambie mama vyondo vikae juu ya paa, nitaweka turubai safi." Maneno hayo tu, Kisilu, na lori ingekuwa imepona kabla mahindi hayajatoa maua. Na yule mmoja wa kuyabeba maneno hayo ndiye umemfukuza.

Sasa nisikilize. Lori usiuze. Mganga usimwite, hiyo gari haina pepo. Kesho nenda kwao Mwongeli, na uende kwa miguu. Usitume ndugu yako wala wazee, kwa sababu tusi lilitoka kinywani mwako, si mwao. Simama nje ya boma, kohoa, mwombe mtu akuitie mke wako. Akitoka, mwambie ulimtukania mama yake bure, na kwamba umekosa, na kwamba utaleta mbuzi kama desturi yenu inavyotaka. Kisha mwombe arudi, halafu unyamaze. Asipotaka siku hiyo, uende tena siku ya pili, na ya tatu, bila kununa.

Na nakujua, utakuwa na hamu kubwa ya kumweleza ulivyogundua mambo ya rejeta na upepo. Usithubutu. Habari ya vyondo itangoja mpaka awe nyumbani, ameketi, amekula, tena amekucheka. Ukianza nayo pale langoni, Mwongeli atasema umeifuata lori, wala hukumfuata yeye, na atakuwa hajakosea.