Kwa Achille, na Mpunga Wake wa Lubarika

Mwaka umetimia, Achille, tangu turudi kutoka makaburini Lubarika na kukuta viatu vyako vya shambani mlangoni, bado vimegandwa na tope. Malaria ilikuchukua kwa siku nne. Pélagie, mke wako, hakulia mwaka mzima. Watu wa mtaani kwetu Kilibula wamemsema kwa hilo, lakini sisi tunaoishi naye tunamjua. Anaamka, anafagia, anakwenda kuuza ndagala, samaki zake wadogo, sokoni, anarudi, analala. Ganzi imemshika, na sisi pia.

Ulikuwa mpole kwa kila mtu ila ulikuwa na ugomvi wako na mbolea ya urea. Ilikuuma kuona mkulima anahangaika kuipata, kisha mvua moja inaipeleka yote mtoni. Ndiyo sababu ukaingia mambo ya vimeng'enya. Ulimweleza Pélagie siku moja akichambua samaki: ndani ya jani mna wapishi wadogo wasioonekana, mmoja anashika kaboni ya hewani, mwingine anashika nitrojeni ya udongoni, na mmea hupata chakula wakifanya kazi pamoja. Yule wa nitrojeni, kwenye mpunga wetu, ni mzembe. Basi wewe na Olga, mwenzako wa labo, yaani maabara, mlichukua jeni ya mmea mwingine mkaiingiza kwenye mpunga ili huyo mzembe achangamke, na mfuko mmoja wa mbolea ufanye kazi ya miwili. Pélagie akakuuliza kama mpishi huyo anaweza kuja kumsaidia na yeye jikoni. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Miaka minane ulipanda mpunga huo ndani ya nyumba ya neti, ukichagua kila msimu mashina yaliyoukubali udongo wa Ruzizi. Jumapili baada ya misa, simu za wakulima wa Bwegera hazikukupa nafasi ya kula, na hukuwahi kumkatia mtu. Ulipima kila kitu, hata urefu wa maharage yetu ya uani. Ulituchosha kwa hilo, tuseme kweli.

Kisha umeme ukakatika wiki tatu kwenye kituo chako cha utafiti, chumba cha baridi kikawa joto tupu, ukazileta mbegu nyumbani: mfuko mmoja, kilo saba, ukauweka chini ya kitanda. Sheria ya kazi yenu ilikataza mbegu hizo kutoka kituoni, kwa hiyo ulimwambia Pélagie peke yake. Mimea ya kwanza ilibaki ng'ambo, kwenye maabara mlikoitengeneza, lakini ile iliyozoea udongo wetu ilikuwa humo tu. Wiki iliyofuata ukaugua.

Katika ukoo wetu mkulima akifa, wanaokuja kwenye kilio hula kwanza mavuno yake mwenyewe, ili awe amewakaribisha. Shangazi yako Victoire alifanya kama anavyofanya siku zote. Aliingia chumbani, akaona mpunga, akautwanga na kuupika. Pélagie alikuwa ameketi mkekani. Aliuona mfuko ukipita mbele yake, akautambua, na mdomo haukufunguka. Akapewa sahani, akala.

Tangu hapo Olga, kwa kuwa mbegu hazikuonekana kituoni, amepiga simu mara tatu kuziulizia, na mara tatu Pélagie amemjibu kwamba bado anatafuta. Msimu wa kupanda umepita.

Juzi tuliketi kuandika tangazo hili. Mdogo wako Héritier ndiye aliyeshika kalamu, akaandika kwamba umetuachia mbegu itakayolisha bonde zima. Pélagie akamwambia afute.

"Mbegu haiko," alisema. "Ile ya mu kilio njo ilikuwa yenyewe. Tuliikula."

Shangazi Victoire alimtazama. "Na weye ulijua?"

"Nilijua."

Alipoulizwa kwa nini alinyamaza, alisema hajui. Alisema mume wake alikuwa sandukuni, na siku ile mbegu ilikuwa kitu kidogo. Shangazi akalia, maana mikono iliyotwanga ni yake. Tumeumia, Achille, hatukufichi. Tulimwomba Pélagie ampigie Olga palepale, kwa sauti ya kusikika na wote, kabla moyo haujarudi nyuma.

Olga alisikiliza mpaka mwisho na hakumgombeza. Alisema itabidi aanze upya, na kwamba itachukua miaka. Kisha akauliza taratibu mpunga ule ulikuwa na ladha gani, kwa kuwa ninyi wawili mlikatazwa kuuonja na hamkuonja hata punje.

Sote tukamgeukia Pélagie. Alifikiri sana. Alitaka kumpa mwenzako jibu la kweli, hata moja.

"Minye sikumbuki, Olga," alisema. "Siku ile sikusikia ladha ya kitu."

Na hapo, simu ikiwa bado mkononi, akaanza kulia.

Tunaokukumbuka ni mke wako Pélagie, shangazi yako Victoire, mdogo wako Héritier, Olga wa labo aliyeomba jina lake liwepo, na wote tuliokula kwako siku ile. Hatutaacha kukukumbuka.