Nilikosa Msiba wa Ukweni Nikilinda Kundi Langu

Bibi Angetile mpendwa, pokea ndaga, salamu yetu ya Kinyakyusa, naomba uninusuru maana ndoa yangu inaondoka huku naiona. Mimi ndiye niliyeanzisha kundi la Sauti ya Ipyana kwenye ule mtandao wa zamani, enzi hizo Kyela nzima ilikuwa humo, ukiuza mpunga ni humo, ukioa ni humo, hata mchungaji alikuwa ananiomba nimtangazie mkutano, sasa vijana wakahamia huu mtandao mpya, nikawacheka, kina mama wakawafuata, wanunuzi wa kokoa nao wakafuata, nikatangaza kwamba atakayehama asirudi, na kweli hawakurudi, nami nikaapa huko sikanyagi. Mwezi uliopita mjomba aliyemlea mke wangu Ikupa akafariki Matema, Ikupa alikuwa huko akimuuguza, ndugu wakatangaza msiba kwenye kundi la ukoo la huko kupya, kila mmoja, hata Ikupa katika kilio chake, akadhani habari zimeshanifikia, kumbe mimi niko nyumbani nafuta matusi kundini kwangu, mjomba akazikwa bila mkwe. Sasa Ikupa amegoma kurudi, anasema kundi langu linipikie. Bibi, nifanyeje watu warudi kundini, ili heshima irudi na mke arudi?

Gwamaka, Ipyana

Gwamaka mjukuu wangu, barua yako nimesomewa mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikatafuta fimbo. Mke amekuachia nyumba, wewe unauliza habari za kundi.

Shule sikuingia na simu yangu ni ya kubonyeza, lakini kundi lako nalijua, wajukuu zangu walikuwemo. Mliwafukuza wenyewe. Binti akiweka picha anacheza, shangazi anauliza nusu nyingine ya sketi iko wapi, mchungaji anamshushia mstari. Nani akae hapo? Wakaenda pa kuchekea. Mama zao wakawafuata kuchungulia, muuza vitenge akawafuata mama zao. Wewe ukabaki unawauzia nafasi waganga wa nguvu za kiume, halafu unashangaa wenye haya zao wamekimbia. Mtu haupendi mtandao, mjukuu wangu, anawapenda waliomo. Wakiondoka hao, kilichobaki ni ukuta.

Na ungekuwa na macho ungetoka siku matangazo ya misiba yalipokoma. Au ulidhani Kyela watu wameacha kufa? Leo humo mmebaki wewe, waganga, na marehemu ambao hakuna aliyewafuta. Hata hao wa huko kupya wasiringe sana, nasikia shangazi zao wameshaanza kujiunga.

Lakini nakuonea huruma, maana kuachwa na watu kunauma, na wewe uliwapenda. Ila Ikupa hakuolewa na kundi. Mzee aliyemlea kazikwa, mkwe hakuonekana, na hapa kwetu hilo halifutwi kwa kidole.

Waite kaka zako. Beba mchele, beba ndizi, na kama zizini kuna ng'ombe, mfungue. Nendeni Matema mchana, watu wawaone mkiingia. Habari za mtandao usizitaje hata moja. Ikupa akikuuliza ulikuwa wapi, mwambie, "Nilikuwa nabishana na watu walioshaondoka," kisha unyamaze. Hilo kundi la ukoo jiunge, ukae kimya kama wakwe wengine. Na wakikupeleka kaburini, lia, Gwamaka. Lia kwa sauti mpaka shemeji zako wakushike mkono, maana pale hakuna wa kukubonyezea dole gumba.