Kimono ya Wifi Kazuho

Chisato, acha kazi usome hii.

Wifi yangu Kazuho. Ngazi mia nne kwenda hekaluni kutazama majani mekundu, ananisema tu. Mara nimeinama vibaya, mara mwanamke gani anakuja hekaluni na suruali. Yeye kimono ya hariri.

Tumefika juu, mtawa mzee akamtazama kifuani, akamwambia kwa upole, "Mama, upande wa kulia umeupitisha juu. Hivyo huvalishwa marehemu."

Marehemu, Chisato. Bibi Adabu kapanda mlima mzima kavaa kama maiti.

Eti ndivyo wanavyovaa kwao. Kwao wapi, kaburini?

Na mimi niliona tangu asubuhi, stesheni. Nikafungua mdomo nimwambie, akanidakia, "Wewe nyamaza, ujifunze."

Nikanyamaza.