Makapi ya Kahawa ya Christa

Vulamba, Butembo

Tantine Tamar,

Siye tuko, Mungu anatulinda. Mbuzi yako imezaa mapacha. Mafuta ya mawese ulitumaka toka Beni ilifika muzuri.

Mudogo wangu Christa anaichanganya na sukari na makapi ya kahawa, vile ulitufundishaka: bibi arusi anasuguliwa na tantine yake, dada ya papa yake, polepole, mupaka ngozi ing'are. Lakini yeye anajisugua peke yake, kila siku, na hapana polepole. Tangu atoroke bale batu bamukamataka mu shamba kule Kalunguta, anasema harufu yabo ingali mu ngozi. Timothée, muchumba wake, anangojea ndoa. Christa hataki hata kusikia jina yake.

Damu inatoka ku ngozi, Tantine. Donc tumeacha kunywa kahawa, ili makapi ikosekane. Papa anakunywa maji ya moto, anasema ni tamu.

Leo asubuhi nilimukuta nyuma ya nyumba, anachekecha muchanga mu kichujio ya kahawa. Akaniambia, miye dada yake mukubwa: "Yaya, nisaidie ku mugongo, sifiki."

Nilianza polepole. Akalia: "Nguvu, Yaya! Nguvu!"

Kuya huku wewe mwenyewe, Tantine. Mikono yangu ilimutii.

Mutoto wako,
Joyeuse