Wimbo Unaanza Lini

Dada Agnesi,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, ila mafua ya baridi ya huku ng'ambo hayataki kuniacha, na wewe unayezijua asubuhi za Gare usinicheke, hii ni baridi ya aina nyingine. Nimefurahi kusikia malori ya Dar siku hizi yanapanda hadi huko kufuata kabichi, na kwamba shemeji amenunua radio-kaseti kubwa hapo Mombo. Mgongo wako je? Hukuutaja, na usipoutaja najua bado unauma.

Sasa hilo la kaseti niliyowatumia. Umesema mlikaa wote sebuleni na majirani, Baba akavuta kiti mpaka sikio lake la kulia, lile lililobaki, likagusa spika. Akasikiliza upande mzima. Kisha akauliza, "Wimbo unaanza lini?" Watu wakacheka.

Nami nilicheka, dada, halafu nikashindwa kula. Baba hakukosea. Sijawahi kuwaeleza vizuri kazi yangu. Sipigi tena fidla aliyonifundisha Padri. Nilipofika chuoni mwalimu alivitazama vidole vyangu akasema vimechelewa, wenzangu walianza kabla hata ya kwenda shule. Akanipa viola, ambayo ni fidla nene kidogo yenye sauti ya chini. Katika okestra, wimbo ni wa wenye fidla. Sisi wa viola tunakaa katikati tukijaza, pam-pam-pam, ukurasa baada ya ukurasa, pinde zetu zikipanda na kushuka pamoja. Mmoja wetu akisikika peke yake, ameharibu. Basi hiyo pam-pam ndiyo niliyowarekodia, tena kwa kujivuna, kwa sababu nikiipiga chumbani kwangu nawasikia wengine wote kichwani. Nilisahau kwamba ninyi hamuwasikii.

Umeniomba nije Pasaka nimpigie wimbo mmoja mzima, maana daktari wa Lushoto amesema sikio hilo nalo halitadumu. Nilimwendea kiongozi wetu wa viola, mama mtu mzima, mpole. Akaniambia, "Nenda kwa baba yako. Hakuna atakayekukataza." Kisha akanikumbusha kwamba niko kwenye mwaka wa majaribio, na mara baada ya maonyesho ya Pasaka wanamuziki wenyewe watapiga kura, nibaki au niondoke. Mtu ambaye hakuwepo hawezi kuchaguliwa. Alilisema hilo huku akitazama pembeni.

Nikikosa kiti hiki, kibali changu cha kuishi huku kinakwisha, na huko nyumbani hakuna okestra. Ningerudi na viola yangu kukaa katikati ya nani? Miaka yote hii nimejifunza kutosikika, na sasa mzee wangu anataka kunisikia. Hilo linanikera mpaka nawajibu watu vibaya mazoezini.

Sitakuja, dada. Najuta tangu sasa, najua nitajuta zaidi baadaye, na bado sitakuja.

Ndani ya bahasha hii kuna kaseti nyingine, nyimbo za Kwaresima za kwaya ya Baba, nimezipiga sauti ya kwanza, ile yenye wimbo wenyewe, mwanzo hadi mwisho. Mpigieni. Ila najua uliyoniandikia, kwamba spika inamkwaruza, na kwamba anataka kuegemeza sikio kwenye mbao yenyewe ya viola wakati mimi napiga. Mbao siwezi kuitia kwenye bahasha.

Nisalimie shemeji, mwambie kichwa cha radio-kaseti kinasafishwa kwa spiriti, si kwa mate. Msalimie shangazi Felista anayeongoza kwaya badala ya Baba, na mjomba Yohana mchuma chai wa Bulwa akipanda kuwatembelea.

Baba usimpe barua hii asome mwenyewe. Mwambie kwa mdomo, sikio la kulia, kwa sauti kubwa, na kama hakushika mara ya kwanza itabidi urudie. Nisamehe kwa kukupa kazi hiyo. Sikio lenyewe limebakiwa na kidogo, na nimelitumia kumwambia kwamba siji.

Mdogo wako akupendaye,
Petro